Mstari Niliouchora Katika Dirisha Lako

Mdogo wangu Festo,

Kofi la kwanza nilikupiga hujafikisha hata miaka mitatu. Ulikuwa umemwaga uji wa baba, na mimi ndiye niliyeachiwa sufuria. Uliruka juu, ukatua, ukanitazama kwa mshangao, halafu ukacheka. Nikakuita Kiroboto, na jina likakuganda mpaka shuleni. Nilikupiga kwa sababu ya madaftari, kwa sababu ya kuni mbichi, kwa sababu ya kuchelewa na mbuzi. Baba alitupiga sote wawili kwa mkanda, na mimi nikishapigwa nilikugeukia wewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa chini yangu. Wewe hukumpiga mtu. Hilo sikuwahi kulielewa, na kwa miaka mingi lilinikera.

Nimeanza hapo ili wanaosikiliza wajue anayesema ni nani. Naam, wapo wanaosikiliza. Barua hii ni yako lakini si ya siri. Jumamosi mkutano wa kijiji utakaa mbele ya ofisi, nami nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi niisome kwa kinywa changu kabla mtu mwingine hajasimama. Jeremia wa baba mkubwa ameshanoa panga. Upande wa majirani zetu, akina Zakaria, nao hawajakaa bure. Kila mtu anasema Jumamosi ndiyo mwisho wa maneno, na wote wanasema wanapigania mstari wa mpaka. Basi nitasema habari za mstari, kwa sababu nisiposema tutazika tena.

Unaikumbuka siku uliyonifuata Mbeya? Nilikuwa sijakuita. Nilikuwa sijamwambia hata mama kwamba mume wangu ananipiga, kwa kuwa mimi nami nilikuwa nampiga, na nilidhani hiyo ndiyo ndoa. Ulikuja na basi la asubuhi, ukasimama mlangoni na kofia yako mkononi. Ukasema, "Shikamoo shemeji. Nimekuja kumchukua dada." Akakupiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likakatika. Ukafuta damu kwa mkono wa shati, ukasema tena, "Nimekuja kumchukua dada." Akakupiga tena. Ukasema tena. Mwisho mkono wake ulichoka kabla ya mdomo wako. Nikatoka na begi moja, na tulipompita pale mlangoni nilikuwa na pasi mkononi, nikamshushia nayo begani mpaka nikasikia mfupa.

Hukufurahi. Tulipofika Chimala ukasema, "Dada, si tulikuwa tushatoka?"

Nilikutukana. Nikalala begani kwako mpaka Nyololo.

Kompyuta ya ofisi ya kijiji ililetwa mwaka ule niliorudi. Watu wa mradi wa kupima ardhi walikuchagua wewe kati ya vijana wote kwa sababu ndiye pekee uliyeuliza swali. Ukazunguka na kifaa chao shamba kwa shamba, kwenye miti ya mbao, misindano na milingoti, na kila ulipofika uliwatembeza watu mipaka yao. Hapakuandikwa mpaka ambao haujatembewa. Mwenye shamba hili na mwenye shamba lile wanakwenda pamoja, majirani wanafuata, mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji anashuhudia. Kila kona wanakanyaga wote wawili, mguu wa huyu na mguu wa yule, ndipo wewe unabonyeza. Wakimaliza wanakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa kopo moja. Mzee mmoja alikataa kuweka mguu wake mpaka saa nane mchana, na wewe ukakaa kwenye nyasi ukamsubiri.

Zamu ya mpaka wetu ilipofika, baba alikuwa ameshakufa. Mama alitembea na Baba Zakaria, jirani yetu wa upande wa bondeni. Walikanyaga pamoja kwenye barabara ya moto, ile njia tunayoifyeka kila mwaka ili moto usivuke kutoka shamba moja kwenda lingine. Mimi nikapiga kelele kwamba baba alituambia mpaka wetu uko kwenye kisiki cha mlingoti, safu kumi na mbili za misindano kule mbele. Mama akaniambia, "Eliza, baba yako alisema mengi." Miguu ikakanyaga, ukabonyeza, ulanzi ukanywewa. Kwa wote mambo yakawa yameisha. Kwangu hayakuisha, nilikuwa nayatafuna kila nikipita pale.

Mradi ulipofungasha, ukapata kazi Mbalizi, kwenye duka la steshenari na kutengeneza kompyuta. Mimi nikawa karani wa ofisi. Kabla hujaondoka ulibaki siku mbili kunifundisha, na siku hizo mbili ndizo ninazozirudia kichwani kila siku.

Mashine ilikuwa na watumiaji wawili. Kulikuwa na eliza, yaani mimi, na barua zangu za utambulisho, na picha ya maua ya mama niliyoiweka nyuma. Kulikuwa na festo, yaani wewe, na ramani nzima ya kijiji ndani ya mafaili yako. Nikiigusa ramani nikiwa kwangu, mashine inajibu kwamba sina ruhusa. Kutoka kwangu na kuingia kwako kulichukua muda mrefu, betri ya sola ilikuwa imechoka, na watu walikuwa wamejipanga nje. Ukasema ipo njia ya kuifungua programu ya ramani kama festo huku mimi nimeketi palepale kama eliza.

Ukafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Ukaandika amri ya kumwita festo, ukaweka neno lako la siri. Mashine ikakataa, ikasema haiwezi kufungua skrini. Nikaipiga kibodi ngumi, herufi moja ikarukia chini ya meza. Ulitambaa kuitafuta huku unacheka na pengo lako.

"Dada, we sikiliza kwanza. Skrini ni ya aliyeingia, yani wewe. Mi ufunguo wa kwangu ninao, sawa, lakini siwezi kuja kuweka kiti uani kwako hivihivi tu. Mpaka uniambie karibu."

Kwa hiyo kabla ya kukuita ikabidi kwanza nikukaribishe. Amri moja fupi, ya kuiambia skrini ya eliza kwamba festo si mgeni. Ukaita tena, ramani ikafunguka. Dirisha lako likakaa juu ya maua yangu, fremu ileile na rangi ileile kama madirisha yangu, halina alama hata moja ya kuonyesha ni la nani. Nilishangaa kwamba watu wawili wanaweza kukaa kwenye kioo kimoja na mtu asitambue. Ukachukua kipande cha boksi, ukaandika kwa kalamu nene, ukakibandika ukutani juu ya meza:

*Moja, mkaribishe Festo. Mbili, mwite Festo. Tatu, mfukuze Festo.*

"Hiyo ya tatu usije ukasahau," ulisema. "Ukimaliza unafunga, unanifukuza. Ukiniacha humo, utakuja kufanya kitu unadhani ni wewe, kumbe ni mimi."

Neno lako la siri lilikuwa kiroboto. Nilipoliandika mara ya kwanza, kwa kidole kimoja, sikujua niangalie wapi. Wewe ulikuwa unatazama nje, unatabasamu.

Nilifanya vizuri kwa miezi mingi. Karibisha, ita, fukuza. Kisha ikaja ile siku ya msimu wa mvua. Asubuhi nilikuwa nimekuita ili nimchapishie mwalimu ramani ya kiwanja chake. Nikamchapishia, dirisha lako nikaliacha wazi nyuma ya barua zangu, nikaendelea na kazi. Namba tatu sikuifanya. Hakukuwa na sababu, ni uvivu tu.

Baba Zakaria alikuja kutaka barua. Nilimkalisha kusudi. Nilikuwa napenda kumkalisha. Mwishowe akanyanyuka, na foleni yote inasikia, akasema, "Tunamsubiri nani hapa? Mwenye ofisi si yuko Mbalizi? Huyu ni wa kufungua mlango tu. Ramani yenyewe haimfungukii mpaka aitwe mdogo wake. Karudishwa na mume huko Mbeya, kaja kutupanga foleni sisi."

Wakacheka. Wote walicheka, na wengine mko hapa mnanisikiliza.

Barua yake niligonga mhuri mpaka karatasi ikachanika. Walipotawanyika mchana, nikaufunga mlango kwa kishindo. Ningempata pale pale ningemvunja mkono. Badala yake nililiona dirisha la ramani limechungulia nyuma ya barua zangu, nikalivuta mbele. Nikatafuta shamba letu. Nikaikamata ile kona ya barabara ya moto kwa mausi, nikaiburuta safu kumi na mbili mpaka kwenye kisiki cha baba, nikahifadhi.

Sitasema nilipitiwa. Mkono ulikuwa wangu na hasira ilikuwa yangu, na nilijua kabisa kwamba mstari ule haukukanyagwa na mguu wa mtu. Wala sikujificha nyuma yako, Festo, naomba uliamini hilo hata kama huna sababu ya kuniamini. Mashine huandika jina la kila aliyebadili mstari, na nilitaka Baba Zakaria asome langu. Nilitaka asome eliza mpaka macho yamtoke. Maua ya mama yalikuwa pale kwenye skrini, barua zangu zilikuwa wazi pembeni, sikuwa na shaka yoyote kwamba mimi ni mimi. Wiki ileile ramani ilitakiwa kubandikwa ubaoni ili wenye malalamiko waseme. Nikaichapisha, nikaibandika kwa misumari minne, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumatano Zakaria mwenyewe, mtoto wa Baba Zakaria, alikuja kuisoma. Uliketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Alipitisha kidole kwenye shamba lao, akapitisha kwenye letu, akashuka kwenye safu ya mwisho ya maandishi chini ya ramani, ambayo mimi sikuwa nimeisoma. Akasoma kwa sauti, "Aliyebadili, festo."

Nilikuwa nyuma yake na ufunguo mkononi.

"Festo huyuhuyu?" akasema. "Festo aliyekuwa anakula kwetu?"

Mtu mmoja akauliza si Festo yuko Mbalizi. Mwingine akajibu kompyuta siku hizi inafika popote. Kisha wakanigeukia. "Ati karani, hii imekaaje?"

Hapo palitakiwa neno moja, Festo. Mimi. Halizidi silabi mbili. Nikafikiri uko mbali, Mbalizi, ndani ya duka lenye watu. Nikafikiri wataongea, watalewa, watachoka, na Jumatatu nitaurudisha mstari kimyakimya. Nikawaambia, "Mimi nafungua mlango tu."

Zakaria akaichana karatasi vipande viwili, akaondoka nayo.

Hukuniambia unakuja. Ulitaka kumshtua mama, kwamba umeomba ruhusa ya siku tatu uje umsaidie kupanda miche. Ulifika Ijumaa jioni na mkate na sukari, ukala, ukalala. Nami nikakaa na wewe meza moja nisiseme. Mara tatu nilifungua mdomo, na mara ya tatu nikakuuliza kama Mbalizi kuna baridi. Asubuhi ukabeba beseni la miche ukaenda barabara ya moto ukiimba ule wimbo wa kwaya ambao huujui maneno.

Kilichofuata nitakisema chote, maana nimechoka kusikia kinasimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Walikuwa watatu, Zakaria na binamu zake wawili, na ulanzi wameunywa toka alfajiri. Mimi nilikuwa nakuja nyuma na ndoo. Nilisikia Zakaria akiuliza, "Umeusogeza mstari wa mpaka wetu wewe?" Nikakusikia ukijibu bila hata kuweka beseni chini, "Mpaka gani, kaka?" Panga la kwanza lilishuka kwenye mkono ulioshika beseni. Miche ikamwagika. Ulitazama mkono wako kwa mshangao uleule wa utoto, halafu ukanyanyua ule mwingine, si kupiga, ulikuwa unamwonyesha kiganja. La pili likapita kwenye kiganja. La tatu likaingia juu ya sikio.

Nilikimbia. Niliokota jembe lililokuwa kwenye tuta, nikampiga Zakaria usoni kwa mpini, nikasikia meno, nikampiga tena akiwa chini, nikampiga magotini, nikampiga binamu mmoja mgongoni alipokuwa anakimbia. Kama watu wasingenishika ningemmaliza. Nilikuwa napiga na kupiga, na katikati ya kupiga nilikuwa najua vizuri kabisa ni nani anayestahili lile jembe.

Tulikubeba mpaka barabarani. Lori la magogo lililokuwa linaelekea Mgololo likasimama, dereva hakuuliza kitu, akageuza gari atupeleke hospitali. Mama alikaa upande wa mlango. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu, nimekifunga na kitenge changu, na kitenge kilikuwa kimeshakuwa kizito. Ukafumbua macho. Ulikuwa na akili zako zote. Hukulia, hukumlaani mtu. Ulikuwa na swali, kama kawaida yako.

"Dada," ukasema. "Mstari gani?"

Nikasema, "Nyamaza, usiongee, tunafika."

Hukuongea tena. Dereva alisimamisha gari kabla hatujafika, akavua kofia.

Nimeishi na swali hilo mwaka mzima sasa. Ulikufa hujui kosa lako, kwa sababu hukuwa na kosa, na aliyejua alikuwa amekushika kichwa.

Pale msibani ningeweza kusema. Watu walijaa uani, mchungaji alisubiri, mama alikuwa amekaa chini hana hata sauti. Nikasimama nikapiga ukelele, "Wamemuua kwa mstari wa uongo!" Maneno ya kweli kabisa, Festo, na yalikuwa na sumu kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Jeremia na vijana wetu wakaelewa walivyoelewa. Polisi walikuwa wameshamchukua Zakaria, lakini hasira yao haikutosheka na mtu mmoja.

Wakangoja kiangazi. Majani yalipokauka, mchana wa upepo, wakaingia na petroli kwenye misindano ya Baba Zakaria. Moto haukuiheshimu barabara ya moto, kwa kuwa mwaka ule hakuna aliyethubutu kwenda kuifyeka. Ukala miti yao, ukala ya kwetu, ukapanda mpaka kwenye nyumba yao. Mama Zakaria aliingia ndani kumtoa mkwe wake aliyekuwa na mimba kubwa. Alimtoa. Mikono yake ikaungua mpaka kwenye viwiko. Mimi nilisimama kwenye mteremko natazama moshi, na moyo wangu, nitalisema, ulifurahi. Ulifurahi kwa muda wa kama kukoroga ugali. Halafu nikasikia yule mama anavyolia.

Mvua za kwanza zilipoanza, watu wa akina Zakaria wakamvizia Jeremia njiani, wakamkata vidole viwili. Sasa Jeremia amejifunza kushika panga kwa mkono wa kushoto, na anatutangazia sote kwamba ni mwepesi zaidi.

Ningeendelea kunyamaza, Festo. Usidhani nimekuwa mtu mwema. Kilichonivunja ni Jumapili iliyopita kanisani. Tulipoambiwa tupeane amani, watu wa benchi letu wakatazama chini, maana Mama Zakaria alikuwa benchi la nyuma yetu. Akanizungukia mwenyewe. Akaishika mikono yangu kwa ile mikono yake, ngozi imejikunja, vidole havinyooki.

"Kamwene, mwanangu Eliza," akasema. "Mtoto wangu alimuua wa kwenu, yuko gerezani, na ni haki yake. Lakini mi nilikuwa na kinyongo na marehemu, kwa lile alilotufanyia la mpaka. Nimeomba sana. Leo nimemsamehe Festo."

Amekusamehe wewe. Mwanamke aliyeunguzwa mikono kwa ajili yangu amekusamehe wewe kwa jambo nililolifanya mimi, na mimi nikajibu, "Asante mama." Nikatoka kanisani kabla ibada haijaisha.

Jana nilimwambia mama. Nilimwambia yote, toka maua kwenye skrini mpaka swali lako ndani ya lori. Mama, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kutuinulia mkono, alinipiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu asiyejua kupiga, lilinipata nusu sikioni. Baadaye akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi nimemwita mwenyekiti ofisini, nimemkalisha kiti cha pembeni. Nimeiwasha mashine, nimeingia kama eliza, nimemwonyesha hatua kwa hatua. Nimekukaribisha. Nimekuita. Ramani imefunguka juu ya maua ya mama, na mwenyekiti, mtu mwenye miwani na akili zake, akaniuliza, "Sasa hapa ni nani anaandika, wewe au yeye?" Nikamwambia hilo ndilo nililomwitia. Tukafungua orodha ya mabadiliko. Festo yupo, na siku yake ipo, na saa yake ipo, saa saba mchana. Nikamwonyesha daftari langu la mahudhurio: siku ile na saa ile aliyekuwa kwenye kiti hiki ni mimi peke yangu. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Mstari sikuugusa. Ushahidi uachwe ulivyo. Watakapouondoa watauondoa mbele ya watu, na baada ya mama na Baba Zakaria kuutembea upya, kama wana nguvu ya kukanyaga pamoja tena.

Kwa hiyo mnaonisikiliza, nisikilizeni hapa. Zakaria, pale ulipo gerezani, ulimuua mtu aliyekuonyesha kiganja. Hilo halifutiki kwa barua yangu, na sikuombei lifutike. Baba Zakaria, uliniita wa kufungua mlango ukanichoma, lakini maneno hayaui mpaka mtu ayape panga, na mimi ndiye niliyeyapa. Mama Zakaria, msamaha wako uliupeleka kaburini pasipo na deni. Ukitaka kuuchukua urudi nao nyumbani, ni haki yako. Jeremia, kaka yangu, vidole vyako viwili viko juu yangu. Kama ni lazima panga hilo lishuke leo, nimesimama hapa na karatasi tu mkononi. Polisi wanajua nitakuja kwao jioni kwa miguu yangu, nikiwa na miguu.

Naogopa, Festo. Nilikuwa sijui hofu ikoje kwa sababu siku zote nilikuwa nawahi kupiga. Nimemwambia mama asije mkutanoni, amekataa, amesema atakaa mbele.

Mwenyekiti alipoondoka nilibaki peke yangu na dirisha lako. Kile kipande cha boksi bado kiko ukutani, wino umefifia lakini namba tatu inasomeka. Nililitazama dirisha kwa muda. Mikono yangu haikutaka. Nilikuwa nafikiri, nikimfukuza na hapa, atabaki wapi tena? Halafu nikakumbuka ulivyosema. Nikalifunga, nikaandika amri ya tatu, nikabonyeza. Skrini ikabaki na maua na jina moja.

Nimekufukuza, mdogo wangu. Ondoka uani kwangu ukapumzike, usibebe tena kazi ya mikono yangu. Pale Mbeya ulisimama mlangoni ukapigwa kwa ajili yangu, ukasema neno moja mpaka mwenye kupiga akachoka. Na mimi nimepata neno langu, nitalisema mpaka wachoke.

Uliniuliza mstari gani, nami nikakuambia unyamaze. Ni mstari wangu, Kiroboto. Niliuchora mimi.

Dada yako,
Eliza